Deni la Kagera na Vyungu vya Chang'ombe

Vita vya Kagera havikufika Chang'ombe, mtaa wa Temeke jijini Dar es Salaam. Vilipiganwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, tangu majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka Oktoba 1978 na kulilipua daraja la Kyaka siku chache baadaye, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979 na bunduki zikanyamaza Juni mwaka huo. Watu wa Temeke walivifuatilia redioni. Waliwaaga vijana wa mgambo na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wakaona malori na mabasi ya watu yakichukuliwa kwenda kubeba askari. Kilichofika Chang'ombe ni deni.

Gharama ya vita ilikadiriwa kuwa dola milioni 500 za Marekani. Ilidondokea mgongo uliokwisha kuchoka: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na mwaka uleule Kampala ilipoanguka bei ya mafuta duniani iliruka. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wapo wanaotania hadi leo kwamba miezi ile bado haijatimia.

Mashujaa wa vita hivyo wana makaburi yao Kaboya, mkoani Kagera, na wana siku yao kila mwaka. Stahili yao. Lakini namna miji ya Tanzania ilivyojinasua na njaa ya baada ya vita haina mnara wala siku, na anayetaka kuisimulia itabidi apite uani, penye mafiga. Chang'ombe ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ni mtaa uliozaliwa na mshahara, na mshahara ndio uliokufa kwanza.

Mpango wa jiji uliochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb mwaka 1949 ulipanga viwanda kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Wazungu walibaki Oysterbay penye upepo wa bahari, Wahindi katikati ya mji, na Waafrika wakapangiwa maeneo kama Ilala, Magomeni na Temeke. Chang'ombe ikakaa mpakani, baina ya viwanda na makazi. Kulikuwa na kiwanda cha sigara na vya mabati upande wa barabara kuu. Ndani kukawa na nyumba za wafanyakazi, polisi, chuo cha ualimu, na jirani tu Uwanja wa Taifa, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Mwanamume aliyepata kazi huku alikuwa na mwisho wa mwezi, na mwenye mwisho wa mwezi aliweza kukopa dukani.

Mke wake, kwa hesabu za serikali, hakuwa na kazi. Utafiti wa ajira mijini wa mwaka 1971 ulikuta wanawake waliojiajiri ni kama asilimia 7 tu. Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa jicho la pili, maana aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni asubuhi, akiulizwa na karani mwenye fomu, pengine alijibu kwamba yeye ni mama wa nyumbani. Hata hivyo inaonyesha mahali mji uliposimama: fedha ya nyumba ilikuwa ya baba.

Lakini haikuwa hivyo siku zote, na hapa inafaa kurudi nyuma kidogo. Ndani ya Chang'ombe upo mtaa unaoitwa Unubini. Jina hilo linawarudisha watu kwa Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwakusanya Misri mwaka 1889, akaja nao kumpiga Abushiri bin Salim na kuufungulia Udachi njia ya kuitawala pwani. Majeshi ya wakati ule hayakutembea peke yake. Nyuma ya askari walifuata wake, masuria, watoto na watumishi, na kambi ilikula kile ambacho wanawake hao walikilima, walikitwanga na walikipika, ikanywa pombe waliyoipika. Mshahara wa askari ulipochelewa, jiko halikuchelewa. Kariakoo nayo ni mtoto wa vita: hapo ndipo Waingereza walipoweka kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na palipoondoka wapagazi pakabaki soko.

Vita Kuu ya Pili vikaleta mgawo. Mwaka 1943 nafaka Dar es Salaam iligawiwa kwa kadi na kwa rangi ya mtu: Mzungu fungu lake, Mhindi lake, Mwafrika lake, na la Mwafrika ndilo lililopungua. Mwaka uliofuata serikali ilijipatia sheria ya kuwarudisha vijijini watu iliowaona hawafai kukaa mjini, yaani wahuni. Mtu asiye na mwajiri alikuwa mhuni mpaka athibitishe vinginevyo. Mambo haya mawili, mgawo wa chakula na msako wa wasio na kazi, yatarudi tena chini ya bendera nyingine, na msomaji ayaweke akilini.

Wanawake wa uswahilini walikuwa na majibu yao. Walipika pombe, wakapangisha vyumba, wakauza maandazi, samaki wa kukaanga na kashata, wakacheza lelemama. Vyama vya ngoma vilikuwa zaidi ya burudani. Vilikuwa na viongozi, michango, sare za kanga na taarifa zilizofika Temeke jioni ya siku ileile zilipotoka Kisutu. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipokitembelea chama cha uhuru cha TANU na kuuliza iko wapi sehemu ya wanawake, viongozi walimtafuta Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Alikwenda kwenye vyama vya ngoma, na kwa miezi michache akawa ameandikisha wanawake 5,000. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji Bibi Titi, Tatu binti Mzee na wenzao, aliwakuta wanawake wengi wa makamo, Waislamu, walioolewa na kuachika, wenye biashara zao ndogo. Wasomi wa TANU walikuwa na hotuba. Hawa walikuwa na kadi za kuuza, na walijua kudai fedha kwa mtu bila kumkosea adabu, kazi ambayo kila mpika pombe huimudu.

Basi miaka ya 1979 hadi 1986 haikuwafundisha wanawake wa Temeke kufanya biashara. Iliwatoa uani ikawaweka barabarani.

Aliyeishi Dar es Salaam wakati huo hahitaji kuelezwa habari ya foleni. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, dawa ya meno, kitambaa, vyote vilikuwa vya kungojea. Watu waliweka jiwe kwenye mstari likawashikia nafasi, wakaenda shughuli zao. Unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani uliitwa Yanga kwa rangi yake, na mashabiki wa Simba waliula hivyohivyo. Viwanda navyo vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vya nchi vilikuwa vikizalisha kama theluthi ya uwezo wake, na vingi chini ya hapo. Mfanyakazi aliingia getini asubuhi, akakaa mbele ya mashine isiyokuwa na kitu cha kusaga, akatoka jioni. Mshahara alipata. Tatizo ni kile ulichoweza kununua: kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa asilimia 83.

Asilimia 83 ni namba ya kusimama nayo kidogo. Maana yake, aliyekuwa akilisha nyumba siku 30 kwa mshahara wake, sasa ulimfikisha siku ya tano. Siku 25 zilizobaki zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye sufuria. Mtafiti wa Kimarekani Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Buguruni na Manzese mwaka 1987 na 1988, alikuta takriban theluthi mbili ya wanawake aliowahoji wamejiajiri. Buguruni ni ng'ambo tu ya barabara na reli ukitokea Chang'ombe, na hakuna sababu ya kudhani kwamba maandazi yalikoma kwenye kivuko. Kwa miaka 17 tu, mama wa nyumbani wa karani yule mwenye fomu alikuwa amegeuka mlishaji wa nyumba, na mara nyingi wa mwajiri wa mumewe pia, kwa sababu getini pa kila kiwanda saa sita mchana palikuwa na akina mama wenye wali maharage, ugali dagaa na chai ya rangi.

Kazi hiyo ina mpangilio wake, na aliyeiona kwa nje tu hudhani ni kupika basi. Alfajiri sana moto uwe umewaka. Unga umekandwa usiku, umefunikwa, umeumuka. Maandazi na chai vinatoka kwanza, vya watu wa zamu. Akirudi sokoni na samaki na mboga, maharage yaliyolowekwa jana yako jikoni. Wali haupikwi mapema, utakauka. Wala haupikwi umechelewa, maana kengele ya mapumziko haimngoji mtu. Halafu kuna daftari. Wafanyakazi hula kwa mkopo, hulipa mwisho wa mwezi, na mama mwenye daftari anajua nani hulipa, nani hukwepa kwa kupitia geti la nyuma, na nani ana msiba hivyo aachwe kwanza. Kwa lugha ya benki, alikuwa akiendesha mfuko wa mikopo isiyo na dhamana kwa wateja wenye kipato cha kushuka. Benki yenyewe isingethubutu.

Malighafi ilipatikana vipi nyakati za uhaba? Hapa historia huingia vichochoro. Unga wa ngano na sukari vilikuwa vya mgawo. Aliyepika maandazi kila siku alihitaji zaidi ya fungu la nyumba moja, kwa hiyo alinunua la jirani asiyepika, alimjua mtu wa ghala, au alilipa bei ya ulanguzi. Kila andazi la 1982 lilikuwa na uvunjaji wa kanuni ndani yake. Wanunuzi wake walikuwa askari, makarani na makatibu wa tawi.

Mume hakuacha kazi. Hilo linawashangaza wachumi lakini halikuwashangaza majirani. Kazi ilikuja na nyumba au posho ya nyumba, matibabu, usafiri, na wakati mwingine bidhaa za kiwanda kwa bei ya kiwanda. Tena mshahara wenyewe, mdogo ulivyo, ulifaa kuwa mtaji: siku ya malipo ulinunua debe la unga na galoni ya mafuta, na mama akauzungusha mwezi mzima. Mpango wa ujamaa ulitarajia kwamba kiwanda kingelisha familia ya mfanyakazi. Chang'ombe familia ikawa inakilisha kiwanda, kwa kumwezesha mfanyakazi wake aendelee kuja kazini kwa mshahara usiotosha.

Serikali ililiona jambo hili na haikulipenda. Mwaka 1976 ilikuwa imeendesha Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983, katika msimu uleule ambao Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliwasaka wahujumu uchumi, ilitungwa Sheria ya Nguvukazi. Kila mwenye uwezo alitakiwa awe na kazi inayotambulika na kitambulisho cha kuionyesha; asiye nacho angepelekwa kijijini akalime. Wauza karanga, washona viatu, wauza kahawa na akina mama wa vyakula, yaani mama ntilie, walijikuta kundi moja na wazururaji. Malori yalipita mitaani. Sheria ya 1944 ya kuwaondoa wahuni ilikuwa imepata mjukuu, na mjukuu huyu alizungumza Kiswahili cha ujamaa.

Waliokamatwa wengi walirudi mjini, baadhi baada ya siku chache. Ulaji wa mji ulikuwa mikononi mwao na kila mtu alijua, wakiwemo waliotumwa kuwakamata. Isitoshe, wake za viongozi na watumishi wa umma nao walikuwa na miradi: kuku wa mayai, ng'ombe wa maziwa uani, cherehani sebuleni, mashine ya kusaga. Kanuni za uongozi za Azimio la Arusha zilimkataza kiongozi kuwa na mshahara wa pili. Miradi ya mkewe ilibaki ya mjadala. Msako wa kuwaondoa mama ntilie ungepaswa, kwa haki, kugonga pia mageti ya Oysterbay.

Kilichofuata kina ucheshi wa aina yake. Kutokana na Sheria hiyohiyo ya Nguvukazi jiji lilianza kutoa leseni za biashara ndogo, nazo zikaitwa leseni za nguvukazi. Mwanamke aliyekimbia lori la nguvukazi alipanga foleni kulipia leseni ya nguvukazi. Leseni hizo zilidumu mpaka zilipofutwa mwaka 2003, na watoza ushuru wa soko walizifahamu kuliko walivyofahamu Azimio la Arusha.

Fedha za mtaji zilitoka kwenye upatu. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa baada ya benki kutaifishwa Februari 1967, ilitaka dhamana, na dhamana ni hati ya nyumba, na hati ina jina la mwanamume kama ipo. Upatu ulitaka uaminifu na kijumbe. Wanawake kumi, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa juma, huweka shilingi 1,000 mezani kila juma, na kila juma anapokea mmoja. Kijumbe ndiye huzungukia milango, hupanga zamu, hupokea lawama. Anayepokea mwanzo amekopeshwa bila riba; anayepokea mwisho ameweka akiba bila faida; ndiyo maana zamu hupangwa kwa kuangaliana hali, mwenye mtoto wa kwenda shule Januari hupewa Januari. Wakati thamani ya shilingi inaporomoka, kupokea mwisho kulikuwa hasara halisi, na vijumbe hodari waliifupisha mizunguko: badala ya mwezi, wiki, badala ya wiki, siku. Wauza samaki wa feri na wa maandazi walicheza mchezo wa kila siku.

Upatu ulikuwa na faida nyingine isiyosemwa mbele ya wageni. Fedha iliyoko kwa kijumbe haipo nyumbani. Shemeji akija na shida yake, mume akitaka ya kwenda kilabuni, mwanamke anaweza kusema kwa kiapo kwamba hana kitu ndani. Tripp alikuta wanawake wengi wakificha kiasi cha mapato yao kwa waume zao. Wanaohesabu maendeleo ya familia kwa kujumlisha kipato cha nyumba nzima huikosa habari hii yote.

Jumuiya ya wanawake, UWT, ilikuwepo tangu 1962, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, na baadaye ikawa na shirika lake la uchumi, SUWATA. Yalifanyika mambo ya maana, lakini mradi wa jumuiya ulihitaji kamati, mhuri na kiwanja. Muuza maandazi alihitaji kilo mbili za sukari kabla ya magharibi.

Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezitoa wapi. Mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na wakati wa ruksa ukaanza. Sabuni ilirudi dukani. Mitumba ikatanda. Kwa wanawake wa Chang'ombe ilikuwa nafuu yenye makali pande zote mbili: sukari ikapatikana mchana kweupe, lakini kila mtu akaipata, na mwenye maandazi akajikuta na jirani sita wenye maandazi. Kisha gharama zilizokuwa za serikali zikahamia majumbani. Hospitali zikaanza kuchangiwa mwaka 1993, na michango na ada za shule za msingi zilidumu hadi zilipoanza kufutwa 2001. Ile faida ya kununulia cherehani ikaenda kwenye madaftari na dawa.

Halafu wanaume wakapunguzwa kazi. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma iliuza, ikaunganisha, ikafunga. Hisa nyingi za kampuni ya sigara ziliuzwa kwa R. J. Reynolds mwaka 1995, na 1999 kampuni ikaangukia mikononi mwa Wajapani wa JT. Hiyo ilinusurika na kunenepa. Viwanda vingine kando ya Barabara ya Pugu vikageuka maghala. Mwanamume aliyepokea kiinua mgongo aliingia barabarani na meza ya betri, soksi na redio, akiwa mgeni katika shughuli ambayo mkewe alikuwa ameifanya miaka kumi na zaidi. Magazeti ya miaka hiyo yaliandika sana kuhusu wamachinga, vijana wa kiume, ugomvi wao na mgambo wa jiji. Mama ntilie aliandikwa kipindupindu kilipoingia.

Isidhaniwe kwamba yote yalikuwa jasho. Jioni za mwisho wa juma kwenye ukumbi wa TCC Chang'ombe, klabu ya kiwanda cha sigara, na kumbi nyingine za Temeke, taarab ya miaka ya 1990 ilikuwa na wateja wake wakuu: wanawake wenye fedha zao. Khadija Kopa wa kikundi cha TOT na wenzake waliimba mipasho, na mwanamke aliyesikia umetajwa mkasa wake aliinuka, akaenda mbele taratibu, akamtuza mwimbaji noti hadharani. Noti ile ilisema mengi. Mwaka 1978 wengi wao wangeomba nauli ya kwendea.

Septemba 1995, Gertrude Mongella, mwalimu na mwanasiasa kutoka Ukerewe, aliongoza akiwa Katibu Mkuu Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake mjini Beijing. Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake ulikuwa umeanzishwa nchini mwaka 1993, chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilikuwa na miaka minane, na mashirika ya mikopo midogo kama PRIDE yalikwisha kuanza kupanga wanawake watano watano. Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama. Tangu hapo, kutoka Gulu hadi Bukavu, jamii inayotoka vitani haikosi programu ya kuwainua wanawake kiuchumi: ushonaji, ususi, ufugaji, kikundi cha kuweka na kukopa. Nyingi zimesaidia. Lakini mtu aliyekulia Temeke akizisoma ripoti zake hupata kicheko kidogo, kwa sababu kila kilichomo kilikuwa kimefanywa nyumbani kwao bila ripoti, na lori la serikali likiwafuata nyuma.

Vikundi vya VICOBA, ambavyo vimelikuza wazo la upatu kwa kuongeza hisa, sanduku na funguo tatu, vilitoka mbali kuja kwetu: shirika la CARE liliubuni mtindo huo na wanawake wa Niger mwaka 1991, likauleta Tanzania baadaye. Ulishika haraka Dar es Salaam. Watu walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi. Mwaka 2009 ikafunguliwa Benki ya Wanawake Tanzania, iliyoishi miaka tisa kabla ya kuunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 2018 sheria iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa manispaa yenye viwanda na bandari jirani kama Temeke si fedha ndogo. Aprili 2023 utaratibu ulisimamishwa baada ya kuonekana vikundi hewa na madeni yasiyolipika, ukarejeshwa 2024 kwa masharti mapya. Katiba ya kikundi, usajili, akaunti, andiko la mradi: mwanamke mwenye geti lake na daftari lake hakidhi hata moja akiwa peke yake. Pengo hilo limezibwa na wakopeshaji wa mtaani ambao riba zao zimewapatia jina la kausha damu. Hukopesha leo kwa leo. Hurudi kesho na mashahidi, na wakati mwingine huondoka na televisheni.

Mahali pa kuuzia napo pamebaki kesi ileile. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na aliyekuwa nacho aliwekwa salama kwenye kona yake. Oktoba 2021 wafanyabiashara waliondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam, kitambulisho au hapana, wakapelekwa masokoni. Kwa muuza viatu inawezekana mteja akamfuata. Mfanyakazi mwenye mapumziko ya nusu saa hawezi kwenda soko la Temeke Stereo kula wali akarudi. Baada ya muda sufuria zilianza kuonekana tena karibu na mageti, zikiwa zimesogea hatua kadhaa ndani ya vichochoro.

Sasa suala lililo mezani ni moto wenyewe. Serikali ya Rais Samia imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi Januari 31, 2024 kuachana na kuni na mkaa. Katika hafla mbalimbali mama lishe wamegawiwa majiko ya gesi. Moshi umepungua, na macho ya wapishi yameshukuru. Ila gesi hununuliwa mtungi mzima kwa mkupuo, kabla sahani ya kwanza haijauzwa, wakati mkaa bado huuzwa kwa kopo, na muuza mkaa naye ana daftari.